Rangi Kuukuu Itoke Kwanza

Maandishi ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa kamati za shule, walimu wa chekechea na madrasa, mafundi seremala na wazazi wa Kaunti ya Garissa



Mazungumzo haya yanahusu kazi ambayo kwa kawaida hupewa mtu wa mkono na kulipwa kidogo kuliko zote: kuondoa rangi, vanishi au mafuta ya zamani kwenye mbao kabla ya kupaka upya. Ikiwa ni dawati la chekechea, mlango wa nyumba, dirisha la madrasa au baraza ya mbao ya hoteli, kazi ni ile ile. Fundi akiiruka, fedha ya rangi mpya imepotea. Akiifanya vibaya, vumbi lake linaweza kumdhuru mtoto kwa miaka mingi. Ndiyo maana inafaa izungumzwe kwa kirefu.

Kwa nini rangi mpya hubanduka mapema

Walimu wa dugsi wanalijua jambo hili kuliko wengine. Mtoto anayejifunza Kurani kwa ubao wa mbao, ule ambao Wasomali huuita loox, haandiki somo jipya juu ya lile la jana. Kwanza huuosha ubao, wino wa makaa ukatoka, ubao ukakauka, ndipo akaandika. Akiiruka hatua hiyo hasomi la jana wala la leo. Mbao za dawati na mlango zina kanuni hiyo hiyo. Rangi mpya hushika kile inachokikuta juu. Ikikuta mbao safi, hushika mbao. Ikikuta vumbi, mafuta au rangi iliyolegea, hushika hivyo, na siku vinapoondoka huondoka navyo.

Hapa Garissa mambo mawili huifanya kazi hii kuwa muhimu zaidi. La kwanza ni jua. Mji wa Garissa uko karibu kabisa na mstari wa ikweta, na mbao iliyo nje hupigwa na jua kali karibu mwaka mzima. Mwanga wa jua huvunja gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mbao. Uso wa mbao hugeuka kijivu, ukawa laini kama unga. Vanishi iliyo juu yake hupasuka, maji ya mvua huingia kwenye nyufa, na siku chache baadaye magamba huanza kuinuka. Kupaka vanishi mpya juu ya uso wa kijivu ni sawa na kupaka juu ya vumbi.

La pili ni maji ya Mto Tana. Mafuriko ya mwisho wa mwaka 2023, na yale ya Aprili na Mei 2024, yaliingia katika nyumba nyingi za wakazi wa kandokando ya mto. Milango na samani zilizolowa ziliotewa na kuvu, na rangi yake ikafura. Wenye nyumba wengi wanataka kuzipaka upya, na ni haki yao. Lakini mbao iliyolowa inahitaji kukauka, kisha kusafishwa, ndipo ipakwe.

Hatari isiyoonekana: madini ya risasi

Neno risasi watu wengi hulijua kwa bunduki. Risasi inayozungumzwa hapa ni madini yenyewe, ambayo kwa miaka mingi viwanda duniani viliyachanganya katika rangi za mafuta ili zikauke haraka, zidumu na ziwe na rangi ya kung'aa. Rangi za manjano, nyekundu na za machungwa ndizo zilizozoeleka sana kutiwa madini haya, na rangi nyeupe za zamani pia.

Ubaya wake haukugunduliwa jana. Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kuzuia matumizi ya rangi nyeupe ya risasi kwa ajili ya kuwalinda wapaka rangi. Marekani ilipiga marufuku rangi yenye risasi katika nyumba za makazi mwaka 1978. Viwango vya sasa vya Kenya haviruhusu rangi kuwa na zaidi ya sehemu 90 za risasi katika kila sehemu milioni moja. Hiyo ni hatua njema kwa rangi inayonunuliwa leo. Lakini mlango uliopakwa kabla ya kanuni hiyo bado unabeba rangi yake ile ile, tabaka juu ya tabaka.

Rangi ya risasi iliyotulia ukutani haina madhara makubwa. Hatari huanza inapokwanguliwa, kusagwa au kuchomwa, kwa sababu hapo hugeuka vumbi au moshi. Mtoto hutambaa kwenye vumbi hilo, kisha hutia vidole mdomoni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mtoto mdogo hufyonza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima kutoka kwa kiasi kile kile alichomeza. Mtoto asiyekula vyakula vya kutosha vyenye madini ya chuma na kalsiamu hufyonza zaidi. Risasi huharibu ubongo unaokua: mtoto huwa mzito wa kujifunza, hawezi kutulia na kusikiliza, na madhara hayo hayaondoki. Kwa mama mjamzito, risasi iliyojificha mifupani hutoka na kumfikia mtoto tumboni.

Kenya imekwisha kuona maumivu ya madini haya. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, wakazi walidhurika kwa risasi iliyotoka katika kiwanda cha kuyeyusha betri za magari, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini humo iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3. Chanzo kule kilikuwa kiwanda, wala si rangi, na kiasi kilikuwa kikubwa. Lakini madini ni yale yale, na mwili wa mtoto hauulizi yametoka wapi.

Kwa Katiba ya mwaka 2010, elimu ya chekechea ni jukumu la serikali za kaunti. Watoto wa chekechea ndio wadogo kuliko wanafunzi wote, ndio wanaokaa chini zaidi, na ndio wanaotia kila kitu mdomoni. Basi kamati ya shule inayopanga kutengeneza madawati ya zamani ichukue kanuni moja: rangi ambayo haijulikani ilipakwa lini ihesabiwe kuwa ina risasi. Kwa macho haiwezekani kujua.

Kwanza ujue kilicho juu ya mbao

Fundi mwenye uzoefu haanzi kwa msasa. Huanza kwa kuangalia, kwa sababu kila mpako una njia yake ya kutoka.

Jaribio la kwanza ni tone la maji. Dondosha matone machache juu ya mbao. Maji yakikaa kama shanga, bado kuna vanishi, nta au mafuta. Yakinywewa haraka na mbao ikawa nyeusi pale yalipoanguka, mpako wa zamani umekwisha pale. Jaribio hili hutumika pia mwishoni kuhakikisha kazi imekamilika.

Jaribio la pili ni la ukucha na pua. Vanishi na rangi huwa na ngozi juu ya mbao, na ukucha huisikia. Mafuta yaliyopenya hayana ngozi. Oili chafu ya gari hutoa harufu yake mbao inapopata joto, na kitambaa cheupe kikisuguliwa hutoka cheusi.

Jaribio la tatu ni la wembe na seloteipu, na ni la rangi iliyoonekana bado nzima. Kata mistari michache iliyopitana kama wavu mdogo, bandika seloteipu juu yake, ikandamize, kisha ivute kwa nguvu. Seloteipu ikitoka safi, rangi bado imeshika. Ikitoka na vipande, rangi hiyo haiwezi kubeba rangi nyingine.

Si kila rangi lazima iondolewe

Jambo hili huokoa fedha na pia afya. Rangi ya zamani iliyoshika vizuri, isiyo na nyufa wala magamba, haina haja ya kung'olewa hadi mbao ionekane. Ioshwe kwa maji na sabuni, isuguliwe kidogo kwa msasa wa maji huku ikiwa imelowa ili ipoteze mng'aro, ikaushwe, ipakwe. Kama ina risasi, basi imefungiwa chini ya rangi mpya na haitoki.

Kuondoa kabisa kunahitajika pale ambapo rangi inabanduka, pale vanishi imepasukapasuka, pale mbao imegeuka kijivu, au pale mwenye mali anapotaka kubadili aina ya mpako, kwa mfano kutoka vanishi kwenda mafuta. Kwenye baraza ya mbao inayopigwa na jua na kukanyagwa kila siku, kwa kawaida hakuna njia ya mkato: sehemu iliyolegea huendelea kulegea chini ya mpako mpya.

Kukwangua kwa maji

Katika karakana nyingi za mji, chombo cha kwanza kufikiwa ni grinda yenye diski ya msasa. Ni kweli grinda ina haraka. Lakini hurusha wingu la vumbi ambalo huingia katika mapafu ya fundi, huanguka katika chai ya jirani na kutua kwenye mchanga wanamochezea watoto. Pia huchimba mashimo ya mviringo kwenye mbao, ambayo huonekana vizuri baada ya vanishi kupakwa. Kwa rangi ya zamani, grinda kavu iachwe. Na moto wa wazi, kama ule wa tochi ya gesi, usitumike kabisa, kwa sababu huigeuza risasi kuwa mvuke na unaweza kuwasha mbao.

Njia salama ni ya polepole kidogo, na vifaa vyake si ghali.

Tandika turubai au karatasi nene ya nailoni chini ya dawati au mlango, ipite ukingo wa kazi kwa hatua mbili kila upande. Watoto, kina mama wajawazito na mifugo wawe mbali. Fundi avae miwani ya kujikinga, glavu, na barakoa ya kuzuia vumbi jembamba inayokaza usoni. Kilemba, shuka au barakoa ya hospitali haizuii vumbi la aina hii.

Nyunyizia maji kidogo kwa chupa, pale tu patakapokwanguliwa. Kisha kwangua kwa kikwangulio chenye makali, ukivuta kufuata nyuzi za mbao na si kuzikata. Pakikauka, nyunyizia tena. Lengo ni rangi itoke kama magamba yaliyolowa, yaanguke kwenye turubai, badala ya kuruka hewani. Kikwangulio kinolewe mara kwa mara. Kikiwa butu fundi hutumia nguvu, na nguvu huumiza mbao.

Baada ya kukwangua, tumia msasa wa maji kuondoa mabaki. Kwa mbao chafu sana anza na namba 60, kisha 80, umalizie na 120. Kwa baraza au mlango wa nje utakaopakwa mafuta, 80 inatosha. Mbao iliyolainishwa kupita kiasi hainywi mafuta vizuri. Kabla ya yote hayo, misumari iliyoinuka izamishwe, maana msumari mmoja hupasua msasa na pia mkono.

Kazi ikiisha, mbao na vyombo vipanguswe kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Fundi anawe mikono na uso kabla ya kula au kutafuna chochote, na ikiwa ni mwezi wa Ramadhani, kabla ya kufuturu. Nguo za kazi zivuliwe pale pale, zisikung'utwe nyumbani, na zifuliwe peke yake. Mara nyingi mtoto wa fundi hupata sumu kupitia kanzu au ovaroli ya baba yake.

Magadi, kostiki na dawa za dukani

Pale ambapo msasa peke yake ni mzigo, dawa husaidia kulainisha mpako. Iko ya upole, iko ya kati, na iko ya kuogopwa.

Ya upole ni magadi, yale yanayotoka Ziwa Magadi na ambayo kila jiko linayajua kwa kulainisha maharagwe. Kikombe kimoja katika lita tano za maji ya moto huondoa mafuta, uchafu na mafuta ya rangi yaliyochakaa juu ya baraza. Mwagia, acha dakika 15 bila kuacha ikauke, sugua kwa brashi ngumu, suuza. Rudia ikibidi. Kwa vanishi nene magadi hayatoshi, lakini hakuna ubaya kuanza nayo.

Ya kati kwa nguvu, na kali kwa ngozi, ni kostiki, ile inayotumiwa kutengeneza sabuni. Huyeyusha rangi ya mafuta na vanishi. Huyeyusha pia ngozi na macho. Kama itatumika, itumiwe na fundi aliyefunzwa, na kanuni nne zishikwe. Kostiki ndiyo inayotiwa kidogo kidogo ndani ya maji baridi. Maji yasimwagwe juu ya kostiki, maana huchemka na kuruka. Ndoo iwe ya plastiki. Isitiwe kamwe kwenye sufuria ya alumini, kwa sababu huila sufuria na kutoa gesi inayoshika moto. Glavu ziwe za mpira na miwani ivaliwe. Na ndoo isiachwe hata dakika moja mahali mtoto anapoweza kuifikia, kwa kuwa kwa macho ni maji tu. Ikirukia jicho, lioshwe kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20 mfululizo, kisha hospitali mara moja.

Kostiki huifanya mbao kama mahogani na mvule kuwa nyeusi, na huziacha nyuzi zimesimama kama manyoya. Kwa hiyo baada ya kusuuza kwa maji mengi, mbao hupakwa maji yenye siki, kikombe kimoja katika lita tano, ili kuua nguvu ya dawa iliyobaki. Ukiiruka hatua hiyo, kostiki iliyobaki ndani ya mbao itaanza kuila vanishi mpya kutoka chini. Hapa pana onyo jingine: wale waliosafisha kuvu la mafuriko kwa dawa ya klorini ya kufulia wasitie siki kabla ya kuisuuza klorini yote. Klorini na siki zikikutana hutoa gesi yenye sumu.

Ya kuogopwa ni baadhi ya dawa za mkebe za kutoa rangi, hasa zenye kemikali iitwayo methilini kloridi. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutulia chini ya chumba, na umeua mafundi waliokuwa wakifanya kazi ndani ya vyumba vilivyofungwa. Marekani ilizuia mwaka 2019 isiuzwe madukani kwa watu wa kawaida. Soma maandishi ya mkebe kabla ya kununua, na dawa yoyote ya aina hiyo isitumike ndani ya nyumba wala ndani ya darasa. Petroli nayo isitumike kuosha mbao kwa hali yoyote.

Oili chafu, deni la zamani

Kwa sababu ya mchwa, watu wengi wamezoea kupaka mbao oili iliyotolewa kwenye injini za magari. Kwa nguzo ya ua ni mazoea yanayoeleweka, ingawa oili hiyo ina masizi na madini yenye sumu. Kwa dawati, kitanda au mlango haifai hata kidogo. Mtoto akilalia dawati hilo, hubeba oili kwenye mikono, nguo na daftari lake.

Tatizo la pili ni kwamba oili chafu haikauki. Vanishi au rangi yoyote itakayopakwa juu yake itateleza, itachelewa kukauka na itabanduka. Kuitoa ni kazi ya subira. Kwangua tabaka la juu, kisha nyunyiza majivu makavu au vumbi la mbao, kandamiza, acha usiku kucha ili linywe mafuta, fagia. Rudia mpaka majivu yatoke safi. Kisha osha kwa magadi ya moto na sabuni, kausha, na ufanye jaribio la tone la maji. Ikiwa maji bado yanakaa kama shanga, piga randa kuondoa unene kidogo. Mbao ambayo oili imezama hadi kiini haitatakasika. Itumike penye ua, na dawati litafutiwe mbao nyingine.

Kazi ya kuandaa mbao kabla ya kuipaka si ngeni katika eneo hili. Majirani wa Ijara, yaani watu wa Lamu, wameishi kwayo. Jahazi hupandishwa ufukweni maji yanapokupwa, sehemu ya chini ikakwanguliwa magugu na viumbe vya baharini, ndipo ikapakwa upya shahamu na chokaa. Mbao za juu ya maji hupakwa sifa, yaani mafuta ya samaki. Nahodha anayepaka shahamu juu ya uchafu anajua nani atakayechota maji katikati ya bahari.

Mabaki yaende wapi

Magamba ya rangi, msasa uliotumika na matope ya kukwangulia yana sumu ile ile iliyokuwa kwenye mlango. Kunja turubai kwa ndani, tia yote katika mfuko mzito, funga, kisha tia katika mfuko wa pili. Uliza ofisi ya mazingira ya kaunti au Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, mahali pa kupeleka. Yasitupwe lagani, kwani mvua ya kwanza itayapeleka mtoni au kwenye bwawa la maji. Yasizikwe shambani wala karibu na berkad.

Mifugo pia ikumbukwe. Ng'ombe hulamba rangi na vyuma kwa kutafuta chumvi, na risasi huwaua; madaktari wa mifugo wanalijua hilo kwa miaka mingi. Mbuzi wa mjini hula karibu kila anachokikuta. Katika kaunti ambayo mifugo ndiyo akiba ya nyumba, mfuko uliopasuka nyuma ya karakana unaweza kugharimu kuliko madawati yenyewe.

Na jambo ambalo akina mama wanaombwa walishike: mlango, dirisha au dawati lililopakwa rangi likivunjika, mbao zake zisiwe kuni. Moshi wa rangi hiyo huingia kwa anayepika na kwa mtoto aliye mgongoni, na majivu yake huchanganyika na ya jikoni.

Vitambaa vilivyopakiwa mafuta ya kitani navyo visirundikwe. Mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na rundo la vitambaa huweza kujiwasha lenyewe bila kiberiti. Vitandazwe nje kimoja kimoja mpaka viwe vigumu, au vizamishwe katika mkebe wenye maji na kufunikwa.

Kukausha, na wakati wa kufanya kazi

Mbao iliyolowa mafuriko au iliyooshwa ikaushwe kivulini penye upepo, ikiwekwa juu ya vijiti ili hewa ipite chini. Jua kali hukausha nje haraka wakati ndani bado kuna maji, na mbao hupinda au kupasuka. Kwa mlango ulioweza kutolewa, njia rahisi ya kujua ni mizani: upime kila baada ya siku mbili, na uzito ukiacha kupungua, umekauka.

Kuhusu majira, shule ina mtihani wake. Likizo ya Aprili huangukia mvua za gu, ya Agosti huangukia upepo wa hagaa, na ya mwisho wa mwaka huangukia deyr. Hakuna likizo iliyo kamili. Wiki za mwisho za Desemba, deyr inapokatika, ndizo bora kwa kukwangua na kupaka. Agosti inafaa ikiwa kazi itafanywa kwa maji, nyuma ya ukuta au pazia la turubai la kukinga upepo. Kupaka kwenyewe kufanywe asubuhi na mapema au alasiri kivulini, kwani vanishi inayopakwa juu ya mbao iliyochomwa na jua la adhuhuri hutoa malengelenge.

Mtoto aliyekwisha kukaa karibu na vumbi la rangi, kisha akawa na maumivu ya tumbo, kukosa hamu ya kula, uchovu au upungufu wa damu, apelekwe kituo cha afya, na mzazi aitaje rangi hiyo kwa daktari bila kungoja kuulizwa. Dalili hizi hufanana na za maradhi mengine, na daktari hawezi kuishuku risasi asipoambiwa.

Maswali ya kumuuliza fundi kabla ya kukubaliana bei

Kamati ya shule au mwenye nyumba aulize haya, na majibu yaandikwe kwenye makubaliano:

Je, rangi ya zamani itajaribiwa kwanza kama imeshika, na ni sehemu gani itatolewa na ipi itaachwa?

Je, itatolewa kwa maji, au kwa grinda kavu?

Kazi itafanyiwa wapi, na watoto watakuwa wapi siku hizo?

Mabaki yatafungwaje na kupelekwa wapi, na nani atalipia?

Rangi mpya ni ipi, na je, mkebe wake una alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya, KEBS?

Bei ya kuondoa rangi kuukuu iandikwe mstari wake peke yake, isifichwe ndani ya bei ya kupaka. Fundi anayelipwa kwa hatua hiyo ataifanya. Asiyelipwa ataipita haraka, na mlipaji ndiye atakayemwita tena kabla ya mwaka kuisha.